Chuoni Hakuna Mchakamchaka

Kijana aliyemaliza kidato cha sita na kupitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria huingia chuo kikuu akiwa na mwili ambao huenda asiupate tena maishani. Ameamshwa alfajiri wiki baada ya wiki, amekimbia huku akiimba, amelima, ametambaa, amelala hoi. Anaporipoti chuoni Mlimani jijini Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro, pumzi anazo. Muhula wa pili ukifika, kijana yuleyule anahema akipanda ghorofa ya tatu ya hosteli. Hakuna aliyemkataza kukimbia. Viwanja vipo, barabara zipo, na umri wake ni ule ambao moyo na mapafu havina kisingizio. Kitu gani kimetokea hapo katikati?

Jibu la haraka ni uvivu. Utalisikia kwa wazazi, kwa wahadhiri, na kwa wanafunzi wenyewe, ambao ndio wa kwanza kujiita wavivu. Halinitoshi. Mtu aliyekuwa akikimbia kila siku mwezi wa Agosti hawezi kugeuka mvivu wa kuzaliwa mwezi wa Novemba. Kilichobadilika ni vitu vilivyomzunguka: hakuna anayemwamsha, hakuna anayemsubiri, hakuna saa ya siku iliyotengwa kwa kazi hiyo, na njia anazopita hazimlazimishi kutoa jasho. Ninavyoona mimi, mazoezi ya mwanafunzi wa chuo kikuu huamuliwa na ratiba, wenzake na mazingira kabla hayajaamuliwa na nia yake.

Tuanze na elimu, kwa kuwa ndiyo dawa inayopendwa na kila kampeni. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali dakika 75 hadi 150, na siku mbili au zaidi atumie kwa mazoezi ya kuimarisha misuli. Mwongozo huo uliondoa sharti la zamani lililotaka kila kipindi cha mazoezi kifike dakika 10 ndipo kihesabiwe. Siku hizi kila hatua inahesabiwa. Mwaka 2024 shirika hilohilo likatangaza kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani, takriban bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho mwaka 2022. Wanawake asilimia 34, wanaume asilimia 29. Takwimu hizi zinajulikana vyuoni. Mwanafunzi wa udaktari anaweza kuzitaja usingizini, akaeleza na jinsi kisukari kinavyoanza, kisha akamaliza wiki nzima akiwa amekaa kwenye kiti. Icek Ajzen, aliyejenga nadharia inayotumika sana katika kuchunguza tabia za namna hii, aliweka nia karibu kabisa na tendo. Watafiti waliomfuata wakaukuta mwanya hapohapo: watu wengi wana nia ya kufanya mazoezi na hawafanyi. Kumwongezea habari mtu ambaye tayari anataka ni kumpa asichokihitaji.

Tunayemzungumzia hakuanza maisha chuoni. Shule zetu za msingi na sekondari zilimkimbiza. Mchakamchaka wa asubuhi ulikuwa na raha yake: nyimbo, vumbi, kishindo cha miguu mia mbili, na kiongozi mwenye sauti ambaye hakuna aliyejua alipata wapi beti zake. Ilikuwapo pia michezo ya jioni, rede kwa wasichana na mpira wa makaratasi kwa wavulana, na juu yake mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA kwa waliojaliwa vipaji. Lakini palikuwa na upande mwingine. Aliyechelewa aliruka kichura. Aliyeongea darasani alipiga pushapu. Aliyesahau fagio alizunguka kiwanja mara kumi. Kwa miaka kumi na mitatu tulimfundisha mtoto kwamba kuuchosha mwili ni kitu unachofanyiwa ukikosea, au unachoamriwa na mwenye filimbi. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wametumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba tabia inayosukumwa na amri hudumu kadiri amri yenyewe inavyodumu, na kwamba inayokaa ni ile ambayo mtu anaiona ni yake, anaimudu, na inamuunganisha na watu. Mchakamchaka ulikuwa na kimoja kati ya hivyo vitatu: watu. Kengele ilipokoma, watu nao wakatawanyika.

Kuna kisa cha zamani kinachofaa kutajwa hapa, ingawa ni cha siasa zaidi kuliko cha viungo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda JKT, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao wapatao 400. Hawakuwa wakipinga kukimbia. Walipinga masharti, ikiwamo kukatwa asilimia 40 ya mshahara. Hata hivyo kisa kinaonyesha kwamba kijana msomi akihisi ameburuzwa hukumbuka kule kuburuzwa kuliko faida aliyoambiwa ataipata.

Sababu inayotajwa kwanza na wanafunzi karibu popote walipoulizwa ni muda. Hapa huwa nagawanyika. Kwa upande mmoja ni kweli. Vipindi huanza saa moja asubuhi na vingine huisha giza limeingia. Katikati kuna pengo la saa moja hapa na saa mbili kule, ambalo halitoshi kurudi chumbani, kubadili nguo, kukimbia, kuoga na kurudi. Mtihani ukikaribia, vimbweta vya kujisomea hujaa hadi usiku wa manane, madesa ya kunakili hupita mkono kwa mkono, na anayeogopa kusapu (kurudia mtihani) au kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) hatakubali kuonekana kiwanjani. Kwa upande mwingine, mwanafunzi huyohuyo anazo saa za simu, na siku ya mechi ya Simba na Yanga hakuna anayelalamika kuhusu muda. Nadhani ukweli ni kwamba muda upo vipandevipande, na mazoezi ni kitu kisichokubali vipande vidogo kwa mtu anayelazimika kuoga kwa maji ya ndoo. Vyuo vingi vya Uingereza vilitatua jambo hili kwa njia rahisi kabisa, kwa kuacha mchana wa Jumatano bila vipindi ili watu wacheze. Hakuna jengo lililohitajika. Alihitajika mpanga ratiba.

Suala la wanafunzi wenzake ndilo ningelipa uzito kuliko yote, na kuna ushahidi mzuri. Wachumi watatu wa Marekani, Carrell, Hoekstra na West, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa wanafunzi wa chuo cha jeshi la anga la nchi hiyo. Chuo hicho kiliwafaa kwa sababu hakimruhusu mwanafunzi kuchagua kikosi chake; hupangwa kwa bahati nasibu, kisha wenye kikosi kimoja huishi, husoma na hula pamoja. Kwa hiyo haikuwezekana kusema kwamba wenye nguvu wametafutana. Walikuta kwamba hali ya mwili ya mwanafunzi ilifuata kwa kiasi kikubwa ile ya wenzake aliopangiwa, na kwamba ushawishi ulitoka zaidi kwa walio dhaifu. Yaani waliolegea waliwavuta wenzao chini kwa nguvu zaidi kuliko walio imara walivyowavuta juu. Yeyote aliyewahi kulala chumba cha watu wanne ambamo watatu hawaamki kabla ya saa mbili anaelewa maana yake bila jedwali.

Lakini mvuto huo hufanya kazi kwa upande wa pili pia, na Dar es Salaam imeuonyesha. Vikundi vya jogging vya Temeke, Kinondoni na Ilala viliota vyenyewe mitaani. Wanachama wana fulana zao, michango yao, nyimbo zao, na wakipata msiba wanazikana. Anayekosa Jumamosi hutafutwa. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi, serikali ilikuwa inaingia mahali ambapo mtaa ulikwisha kufika. Cha ajabu ni kwamba fundi magari wa Mbagala ana kikundi cha kukimbia nacho, na mwanafunzi anayesoma kilomita chache kutoka hapo hana. Anavyo vikundi vingine tele: kwaya, jumuiya za dini, umoja wa waliotoka mkoa mmoja, kundi la mjadala. Vyote hivyo vina watu wanaosubiriana. Vingi havijawahi kufikiria kwamba kukimbia pamoja saa kumi na mbili asubuhi kungeweza kuwa sehemu ya shughuli zao.

Kwa wasichana habari ni ndefu zaidi, na hapa ndipo neno uvivu linapogeuka kuwa dhuluma. Mvulana akiamua kukimbia huvaa bukta na kutoka. Msichana huanza na hesabu. Avae nini ambacho hakitaleta maneno njiani? Apite wapi, wakati kipande cha barabara kutoka hosteli hadi kiwanjani hakina taa? Atoke saa ngapi, ikiwa alfajiri ni giza, mchana ni jua la kuunguza, na jioni kiwanja kimeshikwa na wavulana wanaocheza mpira wa timu mbili na nyingine mbili zinangoja zamu? Nywele alizosuka kwa fedha na saa nyingi za Jumapili zitakuwaje baada ya jasho? Siku za hedhi maji yatakuwapo bafuni? Akiingia jimu, chumba cha vyuma kimejaa wanaume, na kila mmoja anajiona kocha wake. Mwisho wa hesabu hiyo, kubaki chumbani ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu.

Zanzibar ina la kuwafundisha wa Bara katika hili. Kila Januari 1 vikundi vya mazoezi hukusanyika kwa tamasha la kitaifa la mazoezi ya viungo, na wanawake wenye hijabu na traksuti wamo, wengine wamezidi umri wa mama wa mwanafunzi. Stara haikuwazuia kwa sababu wanatoka kwa wingi, wakati unaojulikana, mahali panapojulikana. Mtu mmoja akikimbia barabarani hutazamwa. Wakiwa arobaini hupishwa. Chuo kinachotaka wasichana wake watoke kingetenga saa zao uwanjani na jimu, kikafunga taa, kikaajiri mkufunzi wa kike. Bila hayo, semina ya uhamasishaji itawakera tu.

Fedha ni kikwazo kinachozungumzwa kwa aibu, kwa hiyo hakizungumzwi. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likitoka, kuna chipsi kuku. Likielekea ukingoni, watu hupiga pasi ndefu, mlo mmoja unaobeba siku nzima. Mwili wenye mlo mmoja hujilinda, unalala mapema na kutembea polepole. Kumwambia mwenye njaa akimbie ni kutomjua. Raba imara nazo si bei ya mwanafunzi, na jimu za mtaani hudai ada ya mwezi ambayo ni chakula cha siku kadhaa. Ndiyo maana mazoezi yasiyodai kitu, kama kuruka kamba, kupanda ngazi au kutembea, yanastahili heshima kubwa kuliko yanayopewa na vijana waliokwisha kuamini kwamba bila mashine na kioo hujafanya tizi.

Na kutembea ndiko kunakopotea bila kelele. Mlimani si jina la mapambo. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko juu ya kilima, na anayeshuka Savei au Changanyikeni na kupanda tena kila siku alikuwa akipata dakika zake 150 bila kujua. Dodoma nako, chuo kilichoanzishwa mwaka 2007 kimetandazwa kwenye eneo kubwa kiasi kwamba kutoka koleji moja hadi nyingine ni safari. Ramani za vyuo hivi ni jimu zenyewe. Lakini bodaboda na bajaji zimeingia hadi mlangoni, nauli inagawanywa kwa watatu, na jua la saa nane linamalizia mabishano. Siwalaumu. Njia isiyo na kivuli na isiyo na ukingo wa waenda kwa miguu inamfukuza mtu. Kigali ilianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara kwa magari, siku hizi Jumapili mbili za mwezi, na watu hujaa. Kampasi ingeweza kufanya hivyo kila siku kwa saa mbili za jioni, maana barabara ni zake. Ila mazingira peke yake nayo hayatoshi. Chuo Kikuu cha Moi kiko Uasin Gishu, katika nyanda zilizotoa mabingwa wa dunia wa mbio ndefu, na haijasikika kwamba kila mwanafunzi wa uhasibu huko ameota mbio.

Vyuo vitajitetea kwamba vina michezo. Vinayo. Chama cha Michezo cha Vyuo Vikuu Tanzania, TUSA, huendesha mashindano. Kuna timu za soka, netiboli, wavu na kikapu. Kuna jezi, basi na posho. Tatizo ni nani anayecheza. Katika chuo chenye maelfu ya wanafunzi, wanaosafiri ni makumi. Waliobaki ni mashabiki, na siku hizi shabiki ana hatari zaidi, kwa sababu anaweza kushiriki mchezo bila kutoa jasho: mkeka wa kubashiri umewekwa, simu ipo mkononi, mechi inaonyeshwa kibanda umiza. Fedha ya michezo inapokwenda yote kwa timu ya kuwakilisha chuo, chuo kinanunua vikombe. Ligi ya madarasa au ya vyumba vya hosteli, isiyo na kombe wala mgeni rasmi, ingegusa watu wengi kwa fedha kidogo. Bonanza la mara moja kwa mwaka, lenye fulana na muziki, linaacha picha nzuri na misuli inayouma siku tatu.

Kuna waliojaribu kutumia pesa kama chambo. Wachumi Gary Charness na Uri Gneezy walichapisha mwaka 2009 majaribio waliyofanya na wanafunzi wa Marekani: kundi mojawapo liliahidiwa dola 100 kwa kila atakayefika jimu mara 8 ndani ya wiki 4. Walifika. La kushangaza ni kwamba malipo yalipokwisha, wengi waliendelea, hasa wale ambao awali hawakuwa na mazoea hayo. Watafiti wengine wakafanya jaribio la namna hiyo katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kukuta mazoea yaleyale yakijengeka, kisha likizo ya majira ya baridi ikayafuta. Wanafunzi hao pia walikuwa wamejitabiria kwenda jimu mara nyingi kuliko walivyokuja kwenda, jambo ambalo halitamshangaza yeyote aliyewahi kuandika ratiba yake usiku wa Jumapili.

Likizo ndiyo adui ambaye mijadala yetu haimtaji. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya na kutoa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010: kwa wastani siku 66 zilihitajika kabla jambo halijaanza kufanyika lenyewe, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, siku 18 kwa mmoja na makadirio ya siku 254 kwa mwingine. Mazoezi yalichelewa kuzoeleka kuliko kula au kunywa. Siku 66 ni zaidi kidogo ya wiki tisa. Mwanafunzi anayeanza wiki ya tatu ya muhula, ratiba ikishatulia, anaifikia hatua hiyo wakati mitihani ya mwisho inabisha hodi. Mitihani inampokonya wiki kadhaa, likizo inampeleka kwao ambako hakuna kikundi wala kiwanja alichokizoea, na muhula mpya unampangia saa nyingine kabisa. Anaanza upya mara mbili kila mwaka. Baada ya miaka mitatu ya kuanza upya, mtu huacha kujiamini. Habari njema katika uchunguzi huo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Mwili mzuri na kioo navyo vina sehemu yao. Mvulana anataka kifua, msichana anataka kupungua, na picha za mtandaoni zinawapimia wote wawili kwa rula ya uongo. Hamu hiyo huwaanzisha wengi na huwadumisha wachache, kwa kuwa kifua hakiji kwa wiki sita. Wanaobaki, tafiti nyingi zinakubaliana, ni wale waliogundua kwamba wanaufurahia mchezo wenyewe, au kwamba siku waliyokimbia walilala vizuri na hasira zikapungua. Faida hiyo huonekana siku ileile.

Je, vyuo vilazimishe? Chuo Kikuu cha Tsinghua cha Beijing kiliamua mwaka 2017 kwamba wanafunzi wake wapya wa shahada ya kwanza wathibitishe kuwa wanajua kuogelea kabla ya kuhitimu. Cornell ya Marekani ina sharti linalofanana na hilo kwa miaka mingi. Masharti hayo yana mantiki yake: anayejua kuogelea haachi kujua. Lakini kulazimisha mbio za asubuhi kwa watu wazima waliokwisha kukimbizwa utoto mzima kutarudisha kichura kwa mlango wa nyuma. Nisingeshauri.

Ningeshauri yafanyike mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Wanaopanga ratiba ya muhula ujao waache Jumatano kuanzia saa tisa bila kipindi hata kimoja, kwa kila mwaka wa masomo. Mlezi wa wanafunzi atenge saa za wasichana uwanjani na ahakikishe taa ya njiani inawaka. Viongozi wa serikali ya wanafunzi wahamishe nusu ya bajeti ya bonanza iende kwenye ligi ya hosteli. Nawe uliyesoma hadi hapa na bado uko mwaka wa kwanza, usisubiri lolote kati ya hayo: tafuta mtu mmoja wa chumba cha jirani, mpatane saa, na mgongeane mlango.